Maswali ya wasomaji: Nchi yetu ni jangwa tupu, sera ya bahari tuianzie wapi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi ni mtumishi wa serikali, wizara ya uchukuzi, nchi yetu karibu yote ni jangwa na haina pwani hata hatua moja. Mwezi uliopita nimewekwa kwenye timu ya kuandika rasimu ya sera ya taifa ya bahari na tangu siku hiyo wenzangu ofisini wananiita nahodha wa mchanga. Ndani ya timu kuna wanaotaka tuanze kusajili meli, wengine wanataka jeshi la majini, mimi naona tunaelekea kupoteza pesa za watu ila sina hoja ya kuwajibu. Naombeni msaada jamani.

JIBU: Ndugu yangu, wakikuita nahodha wa mchanga waambie waangalie tairi za magari yao, dawa zilizoko hospitali, mafuta yanayowasha jenereta, hata simu walizoshika mkononi, karibu vyote vimepita baharini kabla ya kufika huko. Zaidi ya asilimia 80 ya biashara ya dunia kwa wingi wa mzigo inabebwa na meli, na jangwa halibadilishi hesabu hiyo. Umoja wa Mataifa una orodha ya nchi 32 zinazoendelea ambazo hazipakani na bahari, 16 ziko Afrika, na humo ndani zipo nchi za jangwa kweli kweli, Niger, Chad, Mali, Mongolia, Turkmenistan, Botswana na Kalahari yake. Zote zinaitumia bahari kila siku, ila bei, foleni na masharti yanapangwa na watu wengine kwenye kikao ambacho wao hawamo, na sera mnayoandika kazi yake ya kwanza ni kuwaingiza kwenye hicho kikao.

Mimi ningekuwa kwenye timu yenu wiki ya kwanza nisingegusa habari ya meli kabisa. Ningechukua kontena moja, lile la futi 20, limeshafika mji mkuu wenu na mwenyewe ameshalipa kila kitu, halafu ningelifuata kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka lilipopakiwa melini. Kila risiti iwekwe mezani. Limekaa siku ngapi bandarini na nani alichelewesha, sili ya kontena ilikatwa wapi, mizani ngapi, dhamana ya forodha, ile ahadi ya kulipa ushuru mzigo ukipotea njiani, ilitolewa na nani na kwa bei gani, mpakani lori lililala siku ngapi, kontena tupu lilirudi lini na mwenye meli alidai nini lilipochelewa. Nimefanya kazi ya kutoa mizigo ya transiti, yaani inayopita nchi moja kwenda nyingine, miaka mingi na ninakwambia ukweli, pesa nyingi inapotea nchi kavu, kwenye makaratasi na kwenye kusubiri, wala si kwenye mawimbi.

Kuna mzigo mmoja sijausahau, mashine za hospitali, mwagizaji alikuwa taasisi ya umma ya nchi isiyo na bahari. Hati ya shehena, ile ambayo mawakala wote tunaiita BL, iliandikwa kwamba safari inaishia bandarini, haikutaja mji wa ndani. Yaani kwa mwenye meli kazi ilikuwa imeisha pale pale kontena liliposhuka, siku za bure, zile za kukaa bandarini bila kulipia, zikaanza kuhesabiwa na mwagizaji hata hana habari, yeye anajua mzigo bado uko njiani. Walipokuja kupata dhamana ya forodha na lori, demareji, yaani malipo ya kuchelewesha kontena, ilikuwa imeshakaribia bei ya mashine moja, na wagonjwa wanasubiri. Hakuna mtu aliyeiba hapo, hakuna aliyevunja sheria, ni mstari mmoja tu kwenye karatasi ambao hakuna mtu serikalini alikuwa na kazi ya kuuangalia. Kwahiyo sera yenu ikisema tu kwamba mizigo yote ya serikali itaandikiwa hati moja inayofika mpaka bandari kavu ya ndani, kituo cha kontena kilicho mbali na bahari, mtakuwa mmefanya jambo kubwa kuliko kununua meli. Ethiopia wameifanya kwa mizigo yao mingi, shirika lao la meli linabeba jukumu mpaka bandari kavu kama ya Modjo.

Sasa tuje kwenye haki, maana wengi wanadhani nchi isiyo na pwani inaomba hisani kwa jirani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao umeanza kufanya kazi 1994, una sehemu nzima ya kumi kwa ajili yenu, ibara ya 124 mpaka 132. Mna haki ya kufika baharini na kurudi kwa kupita nchi ya jirani. Mzigo wa transiti hautozwi ushuru wala kodi, isipokuwa malipo ya huduma iliyotolewa kweli. Meli zenye bendera yenu zinatakiwa kuhudumiwa bandarini sawa na za wageni wengine. Na kuna kitu kimoja ndani ya ibara ya 124 kinanigusa kila nikikisoma, wanapotaja vyombo vya usafiri wa transiti wametaja treni, magari, vyombo vya majini, halafu wakasema pale hali ya mahali inapolazimu, wapagazi na wanyama wa mizigo nao wamo. Ngamia wenu yumo kwenye sheria ya bahari! Walioandika mkataba ule walikumbuka kuna watu wanaofika baharini kwa kuvuka jangwa.

Ila soma mpaka mwisho. Ibara ya 125 inasema masharti ya kupita yatakubaliwa kati yenu na nchi mnayopita, na jirani anabaki na mamlaka kamili ya kulinda maslahi yake. Maana yake bila makubaliano yaliyosainiwa hiyo haki ipo kwenye karatasi tu. Kwahiyo moyo wa sera yenu ni makubaliano ya transiti, na hapa ndo mnatakiwa mtumie muda wenu mwingi, mnataka nini kwa nani, bandari ipi, siku ngapi za bure, eneo gani la kuhifadhi mzigo, dhamana moja inayotambulika nchi zote mnazopita badala ya kukata mpya kila mpaka, na mkigombana mnapeleka wapi ugomvi.

Na msiegemee mlango mmoja, tafadhali sana. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wahenga walisema. Niger ilizoea bandari ya Cotonou, Benin, yapata kilomita 1,000 kutoka Niamey. Julai 2023 yakatokea mapinduzi, ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ikafunga mipaka, malori yakapanga foleni ndefu Malanville upande wa Benin, na hata vikwazo vilipoondolewa Februari 2024 Niger yenyewe ikaendelea kuufunga mpaka ule, mizigo ikawa inazunguka kutoka Lomé kupitia Burkina Faso kwa misafara ya ulinzi wa jeshi. Wakati huo huo wamejenga bomba la mafuta la karibu kilomita 2,000 kwenda Sèmè, pwani ile ile ya Benin, na Mei 2024 Benin ikazuia mafuta yasipakiwe melini. Bomba huwezi kuligeuza kama lori. Linganisha na Mali, Januari 2022 walipofungiwa na ECOWAS njia za Dakar na Abidjan zikafunga lakini Mauritania haimo kwenye jumuiya hiyo, na Guinea haikufunga mpaka wake, wakapumulia huko mpaka Julai. Ethiopia nao, ilibaki bila pwani Eritrea ilipojitenga 1993, wakaendelea kutumia Assab, vita vya 1998 vikaufunga mlango ule na karibu kila kitu kikahamia Djibouti mpaka leo. Usiandike kwenye sera kwamba mtakuwa na njia mbadala, andika ni ipi na ni asilimia ngapi ya mzigo itapita huko kila mwaka hata wakati wa amani na hata kama ni ghali kidogo, maana njia isiyotumika siku ya shida unakuta haina mizani, haina wakala anayekujua, haina chochote.

Botswana wana bandari kavu yao ndani ya Walvis Bay, Namibia, mzigo unashukia kwenye ardhi wanayoiendesha wenyewe halafu unapanda barabara ya kuvuka Kalahari. Hilo mnaweza kuliiga. Mongolia nao bahari yao, kwa maoni yangu, inaanzia mji wa mpakani wa Zamyn-Uud kwenye jangwa la Gobi, pale reli yao ya upana wa milimita 1520 inapokutana na ya China ya 1435 na mzigo wa Tianjin lazima uhamishwe au mabehewa yabadilishwe magurudumu. Pale kreni moja inaweza kuwa na faida kuliko meli nzima. Nyinyi pia mna Zamyn-Uud yenu mahali fulani, lile kontena mlilolifuata litawaonyesha.

Kuhusu kusajili meli, haki mnayo tangu Azimio la Barcelona la 1921 na imerudiwa ibara ya 90 ya ule mkataba wa 1982. Uswisi walianzisha bendera yao ya baharini 1941 kwa sababu vita vilikuwa vinawatishia njaa na bandari ya nyumbani wakaiandika Basel, mjini kwenye mto Rhine. Ilikuwa sababu ya msingi kabisa. Lakini serikali ikaendelea kudhamini mikopo ya wenye meli na soko lilipoanguka, mwaka 2017 bunge likalazimika kuidhinisha faranga milioni 215 kuziba pengo. Mongolia wakafungua daftari lao 2003, ofisi ikiwa Singapore, meli za watu wa nje zikajiandikisha, na kwa miaka kadhaa bendera yao ikawa kwenye orodha nyeusi ya wakaguzi wa bandari za Asia na Pasifiki. Bendera siyo stika ya kuuza. Ibara ya 94 inakupa jukumu la kukagua meli, kuchunguza ajali, kuhakikisha mabaharia wana vyeti na wanaishi kama binadamu, na meli ikizama upande wa pili wa dunia mtakaoulizwa ni nyinyi. Kama hamna wakaguzi, msisajili. Waambie hivyo hivyo wenzako.

Jeshi la majini? Bolivia wanalo, wanafanya mazoezi ziwa Titicaca mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, lakini wale wana kidonda, walipoteza pwani yao, nayo ya jangwa la Atacama, kwenye vita vilivyoanza 1879, na Oktoba 2018 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema Chile haina wajibu wa kujadiliana nao kuwarudishia. Heshima kwao, naielewa huzuni yao. Kwenu ambao hamna historia hiyo pesa ile ipelekeni kwenye mizani na kreni.

Mwisho wa rasimu ndo wengi wanapoharibu. Wanaandika maono na dira kurasa 40, halafu hakuna mwenye kazi. Bahari kwenu iko wizara nne tano, uchukuzi, biashara, fedha kwa ajili ya forodha, mambo ya nje, kazi kwa ajili ya mabaharia. Lazima kiwepo chombo kimoja chenye sheria yake na bajeti na watu waliokaa kwenye bandari ya jirani muda wote, nasema wamekaa, si wanaoenda kwa semina. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, linasaidia nchi kuandika sera hizi likishirikiana na Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia kilichopo Malmö, Sweden, na wanachama wasio na pwani wapo wengi tu, ombeni. Kama mko Afrika someni pia mkakati wa bahari wa Umoja wa Afrika wa 2050 uliopitishwa 2014, wenyewe hawasemi nchi zilizofungiwa na ardhi, wanasema nchi zilizounganishwa na bahari kwa ardhi. Neno dogo, lakini sera nzima mnaweza kuijenga juu yake.

SWALI: Nasoma sheria mwaka wa tatu. Mwalimu alisema nchi isiyo na bahari ina haki ya samaki wa baharini, nikimwambia mzee wangu nyumbani hataki kuamini. Ni kweli au nilisikia vibaya?

JIBU: Hukusikia vibaya mdogo wangu, ila haki hiyo ina milango mingi ya kupita. Ibara ya 69 ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 inasema nchi isiyo na pwani ishiriki kwa usawa kwenye sehemu ya ziada ya samaki wa ukanda wa kiuchumi, ule wa hadi maili 200 kutoka pwani, wa nchi za pwani za eneo lake. Neno ziada ndo la kuangalia, maana nchi ya pwani ndiyo inayopima uwezo wake wa kuvua na kusema kimebaki nini, na ikisema hakijabaki kitu, kuidai haki hiyo kunakuwa kugumu sana. Tena ibara ya 72 inakataza kuikodisha au kuihamisha haki hiyo kwa nchi nyingine au watu wake, isipokuwa wote wamekubaliana, kwahiyo wale wanaoota kuwauzia meli za mbali leseni za kuvua kwa haki hiyo wasahau.

Bahari kuu nje ya maili 200 ni habari nyingine, pale mna uhuru sawa na kila mtu. Na chini yake, sakafu ya bahari na madini yake, mkataba unaiita urithi wa pamoja wa binadamu wote, inasimamiwa na mamlaka iliyoko Kingston, Jamaica. Cheki na Slovakia hazina pwani lakini zimo kwenye kundi la nchi lenye mkataba wa kutafiti madini huko chini. Faida ipo ila dhima pia ipo, Mahakama ya Sheria ya Bahari ilitoa maoni 2011 kwamba nchi inayodhamini kampuni lazima iwe na sheria na usimamizi wa kweli. Mwambie mzee haki ipo, kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kwenda kukaa kwenye hivyo vikao kila mwaka.

SWALI: Mbona mnaongelea tu jangwa lisilo na pwani? Kuna nchi za jangwa zenye bahari ndefu, hizo nazo sera yake ni hiyo hiyo?

JIBU: Hapana, hiyo ni sera tofauti kabisa na umefanya vizuri kukumbusha. Chukua Namibia. Mkondo baridi wa Benguela ndo unaoinyima pwani ile mvua, hewa inapoa juu ya maji haipandi ikawa wingu la maana, na mkondo huo huo maji yake ya chini yakipanda juu yanaleta chakula kinachojaza samaki. Ukame na utajiri vimetoka mahali pamoja. Mauritania na mkondo wa Kanari hivyo hivyo, Peru na Chile na ule wa Humboldt hivyo hivyo. Kabla ya uhuru meli za kigeni zilikuwa zinakomba samaki wa Namibia, walipopata uhuru 1990 wakatangaza ukanda wa maili 200 mapema kabisa na wakakamata meli zilizokaidi, na hata katiba yao ibara ya 100 inataja mali za baharini kuwa za taifa. Nchi ya aina hiyo sera yake ianze na doria na mgawo wa samaki. Na iwe wazi nani kapewa mgawo, maana huko Namibia 2019 ilifichuka kashfa kubwa ya rushwa kwenye mgawo huo huo wa samaki, kwahiyo majina yabandikwe hadharani.

SWALI: Nina miaka 21, nimezaliwa mbali kabisa na bahari, sijawahi hata kuiona. Nataka kuwa ofisa wa meli. Watu wananiambia niache ndoto. Sera ya nchi inaweza kunisaidia vipi mtu kama mimi?

JIBU: Usiache. Ethiopia wanafundisha maofisa wa meli kando ya ziwa Babogaya, juu kule mlimani, na vijana wake wako kwenye meli za dunia nzima. Bahari haikuulizi umezaliwa wapi, inakuuliza cheti.

Kozi za mwanzo za usalama chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, kuogelea na kujiokoa, kuzima moto, huduma ya kwanza, hizo unaweza kuzipata bila shida kubwa. Kizuizi kinakuja kwenye muda wa baharini. Kuwa ofisa wa sitaha unatakiwa uwe umetumikia melini angalau miezi 12 ndani ya programu iliyoidhinishwa, na kijitabu cha mafunzo kimejazwa, la sivyo ni miezi 36. Chuo unaweza kukijenga popote, hata jangwani, lakini nafasi ya kadeti, yaani mwanafunzi wa uofisa, melini haijengwi kwa saruji, inaombwa, inajadiliwa, inaandikwa kwenye mkataba. Nimeona vijana wana diploma nzuri wamekaa nyumbani miaka mitatu kwa kukosa meli na iliniuma sana, maana wazazi waliuza mifugo. Kwahiyo yule ndugu wa swali la kwanza kama unasoma hapa, weka kwenye rasimu yako kwamba kila kampuni ya meli inayopewa mzigo wa serikali itachukua makadeti wa nchi, taja na idadi. Na vyeti vyenu lazima vitambuliwe na nchi nyingine kwa makubaliano, bila hivyo ni karatasi nzuri ya kutundika ukutani.

Wewe mwenyewe kabla hujalipa ada popote, uliza chuo maswali mawili, makadeti wenu wa mwaka jana wako meli gani, na vyeti vyenu vinakubaliwa na bendera zipi. Wakizungukazunguka, ondoka. Na mtu akikutaka pesa ili akutafutie kazi melini, mkataba wa kazi za baharini wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi, unachogharamia wewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti basi. Anza na hiyo pasipoti wiki hii, halafu uanze kujifunza kuogelea, hata kama ni kwenye bwawa.